Nilichagua Siku ya Katikati, Baba Akaishia Getini

Shangazi mpendwa, shikamoo, nakuandikia nikiwa barazani kwenye cherehani yangu na gauni la mteja mapajani, nishike mkono maana akili yangu haijatulia, jana nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia na mwenye nguo amenitazama kama nimerukwa na akili.

Mimi ni fundi nguo, nimeolewa na mwalimu wa historia, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, kwa hiyo shida yangu si ulevi wala nyumba ndogo kama barua ninazosoma hapa kila wiki, shida yangu ni sikukuu ya taifa, tafadhali usicheke. Unajua ile tume inayozunguka kukusanya maoni, kwamba sikukuu ibaki siku ile bendera yetu ilipopandishwa au ihamie siku walipouawa wafanyakazi wa reli waliogoma, ambayo kwenye kalenda inatangulia kwa wiki mbili, basi tume ilipofika kwetu mume wangu alisimama ukumbini akashika kipaza sauti, na mimi namwelewa kwa sababu babu yake ni mmoja wa waliopigwa risasi relini, akasema uhuru ulilipiwa siku ya mgomo, ile siku ya bendera ilikuwa ya wakubwa kukabidhiana karatasi huku bendi ikiwapulizia. Ukumbi mzima ukacheka. Shangazi, baba yangu mzazi alikuwa safu ya tatu, amevaa koti lake la heshima, na baba yangu ndiye aliyepiga tarumbeta siku ile ya bendera, alikuwa kijana wa bendi ya polisi, na hicho ndicho kitu kikubwa alichowahi kufanya duniani, akaokota kofia yake akatoka bila kugeuka nyuma.

Tangu hapo hajakanyaga kwangu, na alikuwa anakuja kila Jumapili, akifika kwenye kona anaanza kupiga mluzi ili nibandike chai, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anakosoa mishono yangu na hajui hata kutunga uzi, sasa Jumapili ikifika nabandika chai kwa mazoea halafu namwaga, mwanangu mdogo ameniuliza kama babu amehama, nikajifanya natafuta mkasi.

Ndipo nikajiona mjanja, nikakunja kalenda nikatafuta siku iliyo katikati ya hizo tarehe mbili ili asionekane mshindi wala mshindwa, nikachinja kuku wawili, nikawaalika wote, nikamwambia kila mmoja kwamba mwenzake amekubali. Jumamosi iliyopita baba akaja kweli, nilimsikia nikakimbia hadi getini na unga mikononi, akaniuliza, "Leo ni siku gani?" nikamjibu, "Leo ni siku yetu ya kupatana, baba," akanitazama sana akasema, "Leo hakuna kilichotokea, mwanangu. Unanialika kusherehekea siku ambayo hakuna kilichotokea?" akarudi alikotoka. Niliporudi mezani mume wangu akasema, "Hapo mzee kasema kweli," na wale kuku hakuna aliyewagusa.

Jumamosi hii inayokuja ni siku ya bendera, mume wangu hanizuii kwenda kwa baba ila yeye haendi, naogopa nikienda nitakuwa nimemsaliti yeye na marehemu babu yake, nisipoenda sijui, namtamani baba yangu Shangazi, namtamani hadi nasikia mluzi mtaani natoka nje, kumbe ni mpita njia. Niambie, tarehe ya kweli ni ipi?

Ni mimi, Fundi wa Barazani

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza futa machozi yasije yakatia doa gauni la watu.

Siku ya katikati! Ulidhani unakunja kitambaa upate nusu kwa nusu? Baba yako ana siku yake, mumeo ana siku yake, na zote mbili zina watu ndani. Wewe ukawapa tarehe tupu, tena kwa kuwadanganya wote wawili. Kuku hao ungewala mwenyewe.

Tarehe ya kweli sikwambii. Waachie tume, wanalipwa posho. Hukuniandikia kwa sababu ya tarehe. Umemkosa baba yako, umeshindwa kuvuka mtaa, na mimi sioni kinachokuzuia isipokuwa woga.

Mumeo ni mtu mzuri, nakubali, ila ukumbini aliteleza. Kumtetea babu yake ni haki yake, hata ningekuwa mimi ningesimama. Kumfanya mkwe wake achekwe mbele za watu si haki yake. Mwambie hivyo leo, bila kulia. Akamwone mzee peke yake, asipeleke vitabu, asianze na "lakini". Aombe radhi kwa kile kicheko tu. Maoni yake kuhusu mgomo abaki nayo, hakuna aliyemnyang'anya.

Wewe usimngoje mumeo. Siku ya bendera chukua watoto, uende. Mwombe baba awasimulie walipiga wimbo gani, koo lilimkauka vipi, nani alikuwa kando yake. Wanao wana babu anayepumua na babu aliyelala relini, kote ni kwao. Mwakani siku ya mgomo simama kaburini na mumeo, umshike mkono. Huo si usaliti, ndiyo kuwa na familia.

Baba yangu mimi alikuwa mbishi kuliko wako. Tuligombana kuhusu mambo ambayo leo siyakumbuki hata moja, nikasema nitamwacha apoe kwanza. Angerudi leo, ningemwachia kalenda nzima aipange apendavyo, mradi akae nami sebuleni tubishane.

Tarehe zote mbili zitarudi mwakani, na mwaka wa baada yake. Kuhusu baba yako, hilo siwezi kukuahidi. Jumamosi ni mbali, mwanangu. Nenda leo.