Mstari wa Popo

Jumanne, Misugusugu

Eti alikuwa anatupima. Popo, ambaye hatujawahi kumwona uso, ndiye aliyeandika programu ya pochi ya sarafu za kidijitali ambayo mimi na wenzangu tunaitunza kwa kujitolea. Hujibu kwa mafumbo, nasi hucheka tu kwa kuwa kazi yake ni safi.

Leo nimekuta kwenye msimbo wake mpya mstari unaotuma funguo za siri za watumiaji, zinazofungua pesa zao, kwa mtu nisiyemjua. Wenzangu walishaupitisha.

"Nilitaka kuona kama mnasoma," Popo amenijibu nilipomuuliza.

Labda kweli. Labda…

Nimempigia Mama kule Kibuta, tuhamishe pesa zake za korosho kutoka kwenye pochi hiyo.

"Si ulisema mnakagua kila kitu?"

"Nilisema, Mama."

Sikumwambia kwamba mabadiliko ya Popo ya mwezi uliopita niliyapitisha mimi, bila kuyasoma.