Nilisahau Chokaa, Analaumiwa Mwenzangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke. Kazi yangu ni kuigiza kwenye kompyuta jinsi uchafu wa majani yaliyooza, ule unaoyapa maji ya mto rangi ya chai, unavyonata kwenye vipande vya kaboni vidogo kupita kiasi, ili tujue kama kaboni hiyo inafaa kuchujia maji, na kazi hii naipenda, mume wangu hunitania eti ana mume mwenza na jina lake ni kompyuta, nyumbani tuna amani, sina la kulalamika ila hili. Kuna kaka mmoja wa maabara, tunamwita Polepole kwa jinsi asivyopenda kuharakisha kitu, yeye hupima kwa maji halisi kile ninachoigiza mimi, na majibu yetu yakakataa kabisa kulingana, yake yakionyesha kaboni inanasa uchafu karibu mara mbili ya nilivyosema, basi bosi akaamua kuwa Polepole haoshi chupa zake vizuri, akamrudisha kupima upya mara nne, naye anaitikia tu "sawa, mkuu", anaosha, anapima, yanatoka yale yale. Juzi nikagundua kuwa maji yangu ya kwenye kompyuta hayana chokaa, ile inayoganda ndani ya birika, kumbe ndiyo inayoushikamanisha uchafu na kaboni, na aliyesahau kuiweka ni mimi, nikaiweka kimyakimya, na leo majibu yametoka sawasawa na yake, nikafurahi nusura nipige kigelegele, kisha nikanywea, maana Ijumaa ya wiki ijayo bosi anamtoa kwenye mradi, na mimi nimeshasifiwa mbele ya watu. Asubuhi Polepole kaniuliza, "Dada, hivi kweli mimi sijui kuosha chupa?" Nikamjibu, "Usijali, kaka." Nifanyeje?

Msahaulifu

Msahaulifu, hongera kwa majibu, ila kwanza nikugombeze. "Usijali, kaka"? Mtu kabeba mzigo wako, nawe unamwambia asijali! Haya, kusahau tunasahau sote, hakuna aliyekamilika. Ulipokosea ni pale ulipojua ukanyamaza. Na unaogopa nini hasa? Kaboni inanasa uchafu zaidi kuliko mlivyotarajia, na sababu umeipata. Bosi akinuna, atanuna siku mbili. Wenzako wakicheka, cheka nao. Lakini yule kaka ameanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe, na hilo linaniuma hata mimi nisiyemjua.

Anza kwake, si kwa bosi. Mwonyeshe majibu yote mawili, yasiyo na chokaa na yenye chokaa, umwambie, "Chupa zako safi, kosa ni langu." Usiongeze "lakini". Kisha nendeni wote wawili kwa bosi, na uliposifiwa mbele ya watu, useme mbele ya watu hao hao. Kwenye ripoti, jina lake litangulie lako.

Na usikawie. Jibu hili nakutumia kabla halijachapishwa, ila gazeti linatoka Alhamisi, na jina lake la utani umeliandika kwa mkono wako mwenyewe. Mwahi, asikie kwako kabla hajasoma kwangu.