Siku Kasense Ilipotandaza Shuka

Kigoma,
Jumapili jioni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Usihangaike kuitikia. Nadhani marahaba yako niliiona Alhamisi, nikiwa angani juu ya paa la nyumba yetu, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike kwa mkono, mimi ambaye ulikuwa ukisema mwandiko wangu umeandikwa na kuku. Mama atakusomea. Mama, shikamoo na wewe. Soma polepole na usiruke mahali, hata pale nitakapokusema.

Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na masikio bado yananguruma. Huko hamjambo? Baridi imeshashika? Ulezi umevunwa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Unaona, bado ni yuleyule: la kwanza halijajibiwa, nimeshafika la nne.

Baba, nimeivuka nchi kwa ndege kuukuu. Siyo zile kubwa zinazopita juu zikiacha mstari mweupe. Hii ni ndogo, na ni mzee kuliko wewe. Ina injini moja na viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, na mwili wake si bati hata kidogo. Ni kitambaa kilichovutwa juu ya mifupa ya chuma na mbao, kikapakwa rangi. Ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Ilipoletwa kwenye karakana yetu Arusha nilimwuliza mwenyewe, Kapteni Lema, kama panya hawaitafuni. Yule mzee ni rubani mstaafu, mpole mno. Akanijibu, "Walishaitafuna binti, ndiyo maana nimekuja kwako."

Kapteni aliirusha ndege hiyo mara ya kwanza hapa Kigoma, akiwa kijana. Sasa macho yake yanachoka, akataka safari yake ya mwisho iwe kuirudisha hapa, ipumzike ilikoanzia. Alihitaji fundi wa kufuatana naye, maana injini ya umri ule huwezi kuiamini ukageuka. Nikamwambia naenda kwa sharti moja: tusikate moja kwa moja kupitia Tabora, tuzunguke Mbeya, tupite Ufipa.

"Ufipa kuna nini?"

"Kuna baba yangu."

Hakuuliza zaidi. Mimi ningeuliza.

Unajua kwa nini niliweka sharti hilo? Tangu mvua za kilimo sijaisikia sauti yako. Nikipiga simu mchana, Kaka Deo anasema uko shamba. Nikipiga jioni, umelala. Nikipiga Jumapili, umebaki kanisani kwenye kikao. Kikao gani hicho kisichoisha? Nikaanza kujiuliza kama umenikasirikia, na kwa lipi. Likizo yangu ilikuwa bado mbali. Uwanja wa Sumbawanga nao ulikuwa kwenye matengenezo, kutua tusingeweza, lakini kuzunguka juu kidogo tuliruhusiwa. Nikasema basi, nikamwone huyu mzee hata kwa mbali.

Toka Arusha hadi Dodoma nilikuwa kama mtoto dukani. Hivi ulijua kwamba njia za ng'ombe zinaonekana kutoka juu kuliko barabara za watu? Zinatoka pande zote, zinakutana kwenye maji. Na ulijua kivuli cha ndege kinakimbia chini kikiwa na duara la mwanga kukizunguka? Nilimwuliza Kapteni kwa nini kuna lile duara. Akasema ameruka maisha yake yote akaliona kila siku na hajui. Nikamwuliza inakuwaje mtu aone kitu kila siku asitake kukijua. Akazima hedifoni yake kidogo, akapumzika.

Karibu na Dodoma injini ikaanza kukohoa. Baba, ukiwa chini, injini inayokohoa ni kazi. Ukiwa juu, ni maisha yako. Tulitua salama, nikafungua, nikakuta plagi moja imejaa masizi meusi. Niliisafisha na kuirudisha, Kapteni kasimama pembeni anakunywa soda kama mtu aliyesimama kituoni anangoja basi. "Ilikuwa ikifanya hivyo hata enzi zetu," akasema. Mbona hakuniambia kabla?

Mbeya tulilala tukitetemeka kwa baridi, na asubuhi tukaifuata lami ya Tunduma kuja nyumbani. Upepo ulikuwa unatukabili. Baada ya Laela niliangalia chini nikaona basi la Sumbawanga. Nikaliangalia tena baadaye, likawa sambamba nasi. Halafu, kweli tena, likatupita! Abiria wametoa mikono madirishani wanatucheka. Nimesomea ndege, nimekesha na vitabu, na basi limenipita nikiwa angani. Deo asilisikie hili. Najua Mama ameshamwita alisikie.

Ndipo nikaona ntumba zetu. Nilikuwa sijawahi kufikiria zinaonekanaje kutoka juu. Kwingine kote tulikopita, mashamba yana matuta marefu yaliyonyooka. Kwetu ni vilima vya mviringo, kimoja kando ya kingine, uwanda mzima, na kila kimoja kimeshika kivuli chake kidogo upande mmoja. Kapteni akaniuliza hayo ni makaburi? Nikacheka hadi mbavu zikauma. Nikamweleza kwamba mvua zikielekea kuisha tunakata majani na udongo wake, tunayafukia ndani yaoze, juu tunapanda maharage, na mwaka unaofuata tunazisambaza, tunamwaga ulezi. Nikiwa namweleza nikakumbuka siku ile nilipokuwa mdogo, nikakuuliza ndani ya ntumba kunafanyika nini. Hukusema neno. Uliitoboa moja kwa jembe, ukanishika mkono ukauingiza ndani. Kulikuwa na joto! Nyasi zimekufa na bado zina joto. Niliwasimulia watoto wote wa Kasense hadi wakanikimbia.

Sasa nifike kwenye shuka.

Nilikuwa nimemwomba Deo atandaze shuka nyeupe uani ili niitambue nyumba, maana siku hizi kila mtu ana bati na mabati yote yanang'aa sawa. Deo naye mdomo wake hauna kitasa. Akawaambia wenzake kijiweni kwenye bodaboda, wao wakawaambia wake zao. Na mnajijua mlivyo huko kwetu: mgeni akisalimia nyumba moja akaruka ya jirani, ni ugomvi wa msimu mzima. Basi tumefika Kasense, naangalia chini, nyumba zote zina shuka! Zingine uani, zingine juu ya miti ya kahawa, mwingine katandaza kitambaa cha meza chenye maua. Kapteni akauliza, "Binti, kwenu leo ni siku ya kufua?"

Tukazunguka. Sikuijua nyumba yetu. Unaweza kuamini? Nyumba niliyozaliwa! Chini watu wanakimbia, wanarukaruka, wanapunga kanga, akina mama wanapiga vigelegele ambavyo sivisikii, naona tu midomo iliyo wazi na vichwa vilivyorudi nyuma. Uwanja mzima wa watu unakimbia, mmoja tu hakimbii.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, ukutani, karibu na mlango. Watu wote wamemwacha wakakimbilia uwazini. Nikasema, ile ndiyo nyumba, na yule ni Baba. Lakini kwa nini hasimami? Wewe ambaye ukisikia hata pikipiki ngeni unatoka hadi barabarani? Kapteni akainamisha bawa moja, kisha la pili. Marubani husalimiana hivyo, nami nilikuwa nimemwomba anisemee shikamoo. Ukainua mkono.

Baba, mimi ni mdadisi, unanijua. Kiti chako kikiegemea ukuta ule, jiko linakuwa kushoto kwako. Mkono ulioinuka ulikuwa wa upande wa jiko. Wewe unasalimia kwa kulia, unakula kwa kulia, unalima kwa kulia, na mimi ulinichapa kidogo utotoni kwa kupokea kitu kwa kushoto. Nikageuka nitazame shamba letu nyuma ya nyumba. Mashamba ya majirani yote yana ntumba hadi mpakani. La kwetu lina ntumba nusu tu, tena ndogondogo, za mkono wa Mama. Nusu nyingine nyasi zimesimama wima.

Shamba ulilokuwa ukienda kila nilipopiga simu ni lipi, Baba?

Nikalia. Sikuficha, hedifoni ilikuwa wazi. Kapteni aliomba redioni tuzunguke mara moja zaidi, wakatukubalia, ndipo tukaelekea kaskazini. Ukingo wa Lyamba lya Mfipa ulibaki kulia kwetu na bonde la Rukwa chini yake, na mandhari hiyo niliyoisubiri kwa hamu toka Arusha sikuitazama.

Tulipotua Kigoma, watu walikuwa wamemzunguka Kapteni wanampongeza, naye anaipapasa ndege shingoni. Mimi nilijitenga nikampigia Deo. Akaanza kuzungusha maneno. Nikamwambia, "Deo, nimewaona. Usiniletee habari za kikao."

Akasema, "Ni kiharusi, Skola. Kimeshika mkono wa kulia na mdomo. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu. Maneno ndiyo hayatoki."

"Na mkanificha?"

"Mama aliogopa. Alisema utafunga skurubu za ndege za watu huku unalia."

Mama, hapa ndipo ninapokusema. Skurubu nafunga vizuri nikilia, nikicheka, hata nikisinzia. Kilichonikata maini ni kuwaza kwamba Baba amenichukia. Usinifanyie hivyo tena, nakuomba kwa adabu zote.

Nikamwambia Deo, basi si mngemwekea tu simu sikioni nimsalimie? "Alikataa mwenyewe," akasema. " Nikimletea simu akijua ni wewe, anatikisa kichwa hadi naiondoa. Nadhani anaona aibu. Anajua utamuuliza, naye hataweza kukujibu."

Baba, neno hilo narudia kulisikia tangu Alhamisi. Kumbe maswali yangu ndiyo yaliyokufungia mlango? Ungejua jinsi ninavyoyapenda majibu yako usingeona aibu. Siku ile ya ntumba ulisema nini? Hukusema kitu. Ulinishika mkono. Na jibu hilo bado ninalo, nilimweleza Kapteni juu kabisa angani.

Nataka kuja. Arusha nimeomba ruhusa wakanipa. Ndege haina haja yangu tena. Imeingizwa bandani, Kapteni amekaa chini ya bawa lake anawasimulia watu uongo na ukweli. Barua hii naitanguliza kwa dereva wa basi la Sumbawanga linalopitia Mpanda, mtu mwaminifu, Deo ataipokea stendi. Nikikubaliwa nitafuata nyuma yake. Nitalima ile nusu iliyobaki, hata kama majira yake yamepita na udongo umekauka. Usinicheke. Nitatengeneza hata ntumba moja, uikague kutoka kwenye kiti, uone kama nimesahau.

Lakini sitaki kukuingilia nyumbani kwako kwa nguvu. Nyumba ni yako, na uso ni wako. Hili moja nakuuliza, na halihitaji maneno.

Kabla ya hapo, nisalimieni Shangazi wa Mazwi, mwambieni nikija nitamletea dagaa wa Kigoma alinganishe na anaouza yeye. Wasalimieni majirani wote, nyumba kwa nyumba, msiruke hata moja, waambieni niliziona shuka zao na zilikuwa safi. Yule mwenye kitambaa cha maua mwambieni alipendeza zaidi ya wote. Deo mpeni pole na mumfungie mdomo.

Haya, Baba. Alhamisi uliuinua mkono wa kushoto. Ilikuwa marahaba, au ulikuwa unanifukuza niende zangu? Juu nilipokuwa sikuweza kutofautisha, na sijalala vizuri kwa ajili hiyo. Kama ilikuwa marahaba, na kama naruhusiwa kuja, uinue tena.

Mama, ukimaliza mstari huu weka barua chini umtazame. Deo anipigie, aniambie neno moja tu.

Simu iko mkononi.

Mwanao anayekupenda,
Skola