Mama Mkwe na Kikapu Bustanini

Dada,

Wifi yako amekufa. Alikufa Jumatano asubuhi, tukamzika kesho yake. Nimetanguliza hilo ili usisome salamu huku moyo unakudunda.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wake unamwachia alale? Watoto wazima? Mimi mzima, nakula, nalala. Simu yangu ilitumbukia mtoni, ndiyo maana unapiga hupati, na kukungoja kwenye mazishi haikuwezekana. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, anapita kwenu. Mwandiko uuvumilie. Unajua shule niliiacha kabla haijanizoea.

Hakuteseka mwishoni. Mama yake alimshika mkono, mimi nilimshika mguu, maana upande wa kichwani hapakuwa na nafasi, chumba chenyewe unakijua. Sitaandika zaidi ya hapo. Ulimpenda. Lia, ukimaliza endelea kusoma, mbele kuna mengine.

Uliniambia ikitokea nifunge mlango nije kwenu, chumba cha nyuma kipo, na shemeji atanitafutia kibarua cha kufyatua tofali. Nilikubali. Baada ya mazishi nikamwambia nyapara naacha kazi. Hakubisha. Alisema fyekeo langu atalitunza mpaka Jumatatu, baada ya hapo analo mwingine. Nikafunga mizigo. Mama mkwe naye akafunga yake, arudi kwake, anakokaa peke yake, maana marehemu alikuwa mwanawe wa pekee. Mabegi mawili yakakaa mlangoni yamepeana migongo kama watu waliogombana.

Leo Jumapili asubuhi mama mkwe akasema haondoki bila kuiona hiyo bustani. Akaingia ndani, akatoka na kikapu.

Hapo lazima nikueleze. Kazi yangu unaijua, kufyeka njia za wageni bondeni, kwenye hifadhi, pale mto unapofurika kila mwaka. Lakini getini wameandika Bustani ya Asili. Basi marehemu wakati wa uchumba alimwambia mama yake kwamba mchumba anafanya kazi bustanini. Akaishia hapo. Mama akaelewa kabichi. Miaka yote hii, Dada, mama mkwe anajua mimi nalima mboga, na anajua mimi mchoyo, maana hajaletewa hata jani moja. Aliniambia waziwazi njiani. Mwanawe alikuwa akimsifia mume mpole, mchapakazi, naye moyoni anasema mpole gani huyu, mkono wa birika.

Nikamwambia mama, kule hakuna mboga. Akasema hayo ndiyo maneno yenyewe ya mchoyo.

Mlinzi wa geti alipoona kikapu akaniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa macho anyamaze.

Maji yameshuka majuzi tu. Mto ukipanda, bonde zima linakuwa ziwa. Ukishuka unaacha madimbwi, na kila dimbwi kambare wamebanana mpaka wanapandana. Ndege wanalijua hilo. Leo walikuwepo wote. Yangeyange weupe kama nguo zimeanikwa, korongo wanapiga hatua kama wazee wanaokwepa tope, mnandi ametandaza mabawa akaushe shati lake. Nimefanya kazi pale miaka, nimeinama. Mfyekaji anaona majani na vidole vyake vya miguu, basi. Leo mikono mitupu, nikainua kichwa. Dada, pale ni pazuri. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia.

Njia ni nyembamba, wawili hawapiti sambamba. Ikawa shida nani atangulie. Nikitangulia nampa mkwe mgongo, si adabu. Akitangulia yeye namtazama nyuma, mbaya zaidi. Tukasimama pale kama mbuzi wawili kwenye daraja moja. Mwishowe akaniamuru nitangulie, nyoka hajui mkwe ni nani.

Akaanza maswali. Kila kitu anauliza kama nimekipanda mimi. Matete nimepanda mimi? Na yale mafunjo, mbona sijayapalilia? Kuro akasimama mbele yetu, mnyama mkubwa, pembe hizo, maji magotini, anatafuna anatutazama. Mama akaninong'oneza kwamba basi mwizi wa kabichi ameshamjua. Nikacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikaziba mdomo. Akaniambia niuachie, mwanawe hakuzikwa na vicheko vyetu.

Tukafika kwenye njia mpya. Mafuriko yaliifuta ile ya zamani, na wakati mimi nauguza, wenzangu walitumwa wafungue nyingine. Waliona majani yamelala kuelekea majini, wakafuata, wakafyeka safi kabisa, wakapigilia na vibao vya mshale. Nikatembea kidogo, miguu ikaniambia hapana. Njia ya watu ina mfereji mmoja. Hii ilikuwa na miwili, katikati tuta la majani. Kiboko huyo. Miguu yake imetengana, tumbo linapita juu ya tuta. Wenzangu wamemfyekea kiboko barabara, na vibao wamemwekea asipotee.

Kabla sijasema, dimbwi la mbele likapumua.

Nikamwambia mama turudi polepole. Akanishika shati, akaanza polepole. Kisha nikashangaa ameniacha mbali, kikapu kichwani kama kofia ya pikipiki, na ule mguu anaosema unamuuma sijui aliuacha wapi. Adabu ya ukwe tuliiacha pale kwa kiboko. Mwenyewe wala hakutoka. Alitoa masikio, akayatikisa, akazama, kama mtu aliyefungua mlango akakuta si wageni wake.

Tukakaa kwenye daraja la mbao. Mama akacheka mpaka machozi, yakageuka machozi kweli, akarudi tena kwenye kicheko. Akasema mwanawe alikuwa mwongo hodari. Angemwambia ukweli, kwamba mchumba anafyeka mlangoni kwa kiboko, yeye asingetoa binti. Na binti alimjua mama yake. Kwa hiyo alinificha ndani ya kabichi, Dada. Mimi miaka yote nilidhani nilipewa kwa uzuri wangu.

Kisha akaniuliza nikiondoka nani ataifunga njia ile. Nikasema watu wapo. Akasema waliopo ndio hao wanaomwekea kiboko vibao.

Sasa lililonishikisha kalamu. Siji. Usinune. Chumba cha nyuma wape watoto, wamebanana. Na mama mkwe haondoki. Nilimwomba pale darajani akae na mimi, na majirani wakisema mkwe na mkwe wanakaaje bila binti, waseme, midomo ni yao. Akasema atafikiri. Tulipofika nyumbani akalichukua begi lake akaliingiza ndani. Akatoka, akalichukua na langu.

Lingine ni gumu zaidi, naliandika haraka. Nina furaha. Kitandani upande wa mke wangu siulalii, na asubuhi bado namsikiliza kama amekohoa. Lakini leo bondeni nilikuwa na furaha kubwa kuliko ninavyokumbuka, na sikumwibia mtu. Kama ni kosa, njoo unigombeze. Njoo maji yakiwa yameshuka, nikutembeze. Vaa buti.

Shemeji mwambie ahsante, tofali zinisamehe. Wapwa zangu hao wakumbatie mmoja mmoja, na yule anayejifanya mkubwa pia. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama wewe nawe ulijua habari za kiboko. Mwambie hukujua.

Nyapara nimempitia jioni hii. Amenicheka, amenirudishia fyekeo. Kesho narudi kazini.

Mdogo wako,
Kisiki