Kitabu Chako Kimenifanya Mchawi

Dada Zena, shikamoo.

Kile kitabu ulichonipa, cha Wazungu waliohamia nchi ya majani matupu, jioni nawasomea kwa Kiswahili wachimbaji wenzangu hapa Geita. Wewe kilikutoa machozi. Hawa kinawavunja mbavu. Usukumani shamba hulimwa na kundi zima kwa ngoma, sasa huyu Mzungu wa kitabuni anayelima peke yake ni mtu gani? Masanja, ninayelala naye chumba kimoja, akahukumu: "Mchawi huyo. Kwao walimfukuza."

Nikamtetea, kwamba mtu anaweza tu kwenda mbali kutafuta maisha. Wakanitazama. "Na wewe, kwenu Morogoro ulifanya nini?"

Masanja kahamisha mkeka wake. Dada, panda treni, kisha basi, uje na watoto, wajue nina watu. Ila shangazi na hirizi zake mwache. Mola amtunze hukohuko.

Mdogo wako, Athumani