Pazia la Ndege

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mguu tu ndio unanikumbusha umri. Kikohozi chako kimeisha, au unanificha?

Barua yako nimeisoma polepole, maana kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Unasema ukija likizo utalala nyumba ya wageni kwa sababu ya pazia la mlango wa sebule, lile la ndege, kwamba malaika wa rehema hawaingii penye picha za viumbe wenye roho. Mwanangu, pazia lile alilishona marehemu baba yako. Fundi wa suruali za watu, nyumbani kwake kashona kitu kimoja hicho. Umesahau mlivyogawana ndege? Dada yako alichukua mwenye mkia mrefu. Wewe ukaangukia yule ambaye mshono ulimla mdomo, ukalia mpaka usingizi ukakuchukua. Baba yako akakwambia, "Wa kwako hana kasoro, anacheka."

Ulale nyumba ya wageni na mama yako yu hai? Watu watasema nini? Achilia mbali watu, mimi nitasema nini?

Mama yako

21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, kweli. Mguu usiuache hivyo, nenda ukaonwe.

Sikumdharau baba. Kila nikisikia cherehani namkumbuka. Lakini sebule hiyo ndiyo tunayoswalia, na ndege wanatutazama kutoka mlangoni. Nimesoma hadithi ya Mtume juu ya jambo hili na moyo hautulii. Baba sasa anahitaji dua zetu, si pazia. Nakuomba ulitoe.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mguu umepata dawa ya kuchua, unanuka nyumba nzima.

Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa, yule mama aliyekufundisha alifu na kijiti mkononi. Nilitaka aseme umekosea. Hakusema. Kasema, "Kijana wako yuko sawa, ila hajafika mwisho wa habari." Akanisimulia kwamba Bibi Aisha, mkewe Mtume, naye alitundika pazia lenye picha, Mtume akachukizwa nalo, basi akalikata akafanya mito ya kukalia. Wapo wanazuoni wanaokataa hata mito, lakini wengi wanasema kinachotundikwa kinatukuzwa, kinachokaliwa hakitukuzwi.

"Hata Bibi Aisha alikuwa nalo?" nikamwuliza.

"Alikuwa nalo."

Nikarudi nyumbani mwepesi.

Nikatoa mkasi wa baba yako. Mkasi haujasahau kazi, mkono wangu ndio ulikuwa unakataa. Ndege wengine mkasi umewapitia shingoni. Kufika kwa yule anayecheka, nikamzunguka. Amebaki mzima katikati ya mto mmoja, nakuletea kwa jirani anayesafiri. Uukalie. Mlangoni nimeweka kitambaa kitupu, na mwanga unaoingia sijauzoea bado.

Mama yako

25 Aprili

Mwanangu,

U mzima lakini? Jirani kasema mto alikukabidhi mkononi, na wewe kimya. Kama ni yule ndege niliyemwacha, sema tu. Mkasi upo.

Mama yako

6 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, sina ugonjwa wala hasira. Mto nimeuweka kwenye kiti changu, na tangu siku hiyo nakaa sakafuni. Kila nikitaka kukaa namwona baba ameinamia cherehani, pini mdomoni, nami nalia miguuni pake. Nitaukaliaje?

Mwanao

22 Mei

Mwanangu wewe,

Asalaam aleikum. Nimecheka mpaka mguu ukalalamika, kisha nikalia kidogo, yamekwisha.

Pazia ulilikimbia kwa kuogopa kutukuza picha. Sasa mto uko kitini kama sultani na wewe uko chini. Katika sisi wawili, nani katundika picha?

Kaa, mwanangu. Hilo ndilo sharti lenyewe. Na baba yako usimwogopee. Maisha yake yote alishona suruali. Kila alichomaliza watu walikwenda kukikalia, naye hakuwahi kununa hata siku moja.

Mito mingine nimeipanga sebuleni, dada yako kashauwahi ule wa mkia mrefu. Nafasi ya wako ni pale karibu na mlango. Uje nao likizo. Ukifika, kaa kwanza nikuone umekaa, ndipo unipe shikamoo yangu.

Mama yako