Gari la Viti Viwili

Jumatano, masika

Tope limenikauka kwenye suruali na sina hamu ya kuoga.

Hapa kijijini Akheri mwenye gari ni mimi peke yangu, na mgonjwa akizidiwa, mwenye gari haulizwi kama ana nafasi. Asubuhi jirani yangu Elifasi alikuja mbio. Mama yake alikuwa hapumui vizuri.

Lakini gari hili, nililouziwa na setla, mzungu mwenye shamba, lina viti viwili tu, na turubai lake linavuja. Mjini watu husimama kulitazama. Huku kwetu tumbo lake linaburuzika chini kama la mbuzi mwenye mimba. Bibi huyo, mama yake Elifasi, hakuweza kulazwa humo, nikamkalisha, tukaondoka kwenda hospitali. Hatukufika mbali, likapanda jiwe na kunasa.

Elifasi na wenzake, waliotufuata kwa miguu, walitukuta wakiwa na machela. Wakamlaza.

“Ngojeni, nitalinasua,” nikasema.

“Baki na gari lako, ndugu yangu,” Elifasi akajibu, bila hasira. Afadhali angenitukana.

Jioni walirudi na machela ile ile, blanketi limemfunika bibi mpaka usoni. Gari lilikuwa bado limeziba njia. Ikabidi washuke naye mtaroni ili wapite.